Mashine Iliyovaa vya Kuazima

Mwaka wetu wa mwisho chuoni tulifundishwa televisheni bila televisheni. Huku Bara hakukuwa bado na kituo cha kurusha picha, na chuo kilikuwa na kasha moja tu la seti ambalo utumbo wake ulishatolewa zamani, likabaki kioo na mbao. Mwalimu alichora ubaoni safari yote ya umeme tangu unapoingia hadi unapogeuka kuwa picha, nasi tukachora kwenye madaftari yetu, tukakariri, tukafanya mtihani, tukafaulu. Cheti changu kinasema naijua televisheni. Nilipoiona ikiwaka kwa mara ya kwanza nilikuwa nimesimama nje ya dirisha la duka, Dar es Salaam, nimebanana na wauza karanga, nikishangaa kama wao.

Silalamiki. Au ngoja, nalalamika, lakini si sana. Elektroniki ni somo zuri. Napenda jinsi kitu kilichokufa kinavyoweza kuulizwa swali, kikajibu. Unaweka ncha ya mita hapa, unaweka pale, unajua umeme umefika wapi na umekatikia wapi. Watu hawako hivyo. Darasani tulikuwa wasichana wawili, na mwenzangu aliolewa kabla hatujafika kwenye transista, nikabaki peke yangu na wavulana waliodhani nitaogopa kulehemu. Sikuogopa. Niliungua vidole tu, mara kwa mara, hadi ncha za vidole vyangu zikawa ngumu na mama akawa anasema nina mikono ya mchimba makaa.

Tulipoanza chuo, walimu walitueleza habari za kazi kwa sauti ya watu wanaogawa urithi. Kuna simu, walisema. Kuna redio, kuna viwanja vya ndege, kuna hospitali zenye mashine za eksirei ambazo hakuna anayejua kuzitengeneza, kuna viwanda vya sukari na vya nguo. Fundi sanifu akimaliza anapangiwa kituo, anapewa nyumba, anapokewa na mkuu wake. Tulipofika mwaka wa mwisho walimu walewale walikuwa hawalitamki tena neno kupangiwa. Walisema sasa kuna soko huria, na soko litatupokea. Soko tulilolijua sisi ni Kariakoo, na kweli liliwapokea wengi. Aliyekuwa wa kwanza darasani aliishia kuuza redio za kaseti kutoka Dubai, akizionyesha kwa wateja zinavyopiga, na hakuwahi kufungua hata moja.

Mimi nilikuwa na bahati ya kuwa na mjomba. Sisi ni Waluguru wa upande wa Mkuyuni, na kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake, kwa hiyo kaka wa mama ndiye mwenye kauli juu yako. Baba yangu alinipenda na alinilisha ndizi za shambani, lakini suala la nisome wapi na nisomee nini lilikuwa la mjomba. Yeye alishuka mlimani akiwa kijana, akapata kazi ya kuendesha mashine katika kiwanda cha nyuzi pale Morogoro mjini. Aliwakuta wageni waliozileta zile mashine wakizifunga. Aliniambia kwamba kila mashine ilikuwa na kabati la chuma ubavuni, na wageni walipolifungua walimgeuzia mgongo ili asione ndani. Likiharibika, aliitwa mtu kutoka mbali. Jambo hilo lilimuudhi kuliko mshahara mdogo. Alitaka mtu wa ukoo wake mwenyewe awe anafungua yale makabati, aajiriwe kabisa, kwa kazi ya kudumu, kabla yeye hajastaafu. Wavulana wa ukoo walikimbia hesabu. Nikabaki mimi.

Kwa hiyo nilipomaliza chuo sikwenda Kariakoo. Nilirudi Morogoro, nikafikia kwa mjomba, Mji Mpya, na kesho yake akanipeleka kiwandani nikiwa nimevaa gauni la kanisani. Langoni tuliambiwa ajira zote zimesimamishwa kwa sababu kiwanda kitauzwa. Mjomba hakubishana. Aliniacha kivulini kwa walinzi, akaingia, akatoka na mkuu wa karakana ya elektroniki.

Nilimwamkia. Akaitikia marahaba, akatazama vidole vyangu kabla ya kutazama cheti.

"Hii mikono imewahi kushika kazi," alisema. "Mlete Jumatatu. Atakuwa kibarua tu, sina uwezo zaidi ya huo."

"Inatosha kwa kuanzia," mjomba alijibu. Njiani akaniambia nivumilie, maana mnunuzi akija atahitaji mafundi, na akihitaji mafundi ataichukua karakana nzima, na mimi nitakuwa humo. Alilisema hilo siku hiyo, na akaendelea kulisema kila tulipokula ugali pamoja, mpaka mkewe, niliyemwita shangazi, akawa anamwambia aache, mtoto ameshasikia.

Sasa niwaeleze ile karakana, kwa sababu sijaona kazi ya namna ile tena. Vipuri vilikuwa haviji. Kwa miaka mingi fedha za kigeni hazikuwepo, na zilipoanza kuwepo, hakuna aliyetaka kununulia kiwanda kinachouzwa. Kwa hiyo tuliishi kwa kuhamisha. Kila mashine ya kusokota ilikuwa na kabati lake, na ndani ya kabati kulikuwa na kadi, yaani vile vibao vyembamba vilivyopandwa transista na kapasita, vimepangwa wima kama vitabu rafuni. Kadi ya mashine moja ikifa, tuliitoa iliyo hai kwenye mashine ambayo ilikuwa imelala kwa ugonjwa mwingine. Na kila kadi iliyohama tuliikwaruza kwa ncha ya msumari namba ya mashine ilikotoka, ili siku vipuri vikija irudi kwao. Mkuu alilisimamia hilo kwa ukali. Kadi nyingine zilikuwa zimehama mara nyingi hadi zikawa na makwaruzo pande zote, lakini kwao pakajulikana.

Mashine ya mwisho kwenye mstari ndiyo iliyobaki ikifanya kazi vizuri kuliko zote, na tuliiita Bibi Harusi, kwa sababu kila alichovaa kilikuwa cha kuazima. Ndani ya kabati lake hukukuta kadi mbili za mashine moja. Kadi ya kupima mwendo haikuwa kadi tena, ilikuwa kipande cha mbao tulichokitoboa wenyewe na kukipanda transista za redio za Dubai, zile za bei rahisi ambazo watu wa mjini walikuwa wameanza kuzitupa zikinyamaza. Kuzuia makelele ya umeme tulikuwa tumeifunika kwa kopo la maziwa ya unga. Waya zilitokea ubavuni, zikapita juu, zikaingia kwenye balbu ya kawaida ya nyumbani iliyopunguza nguvu ya umeme mahali fulani. Ilikuwa mbaya ya kutisha. Na uzi wake ulitoka laini, haukatiki.

Ile kadi ya mbao nilishiriki kuitengeneza. Siku iliposhika mwendo mara ya kwanza, mjomba alikuwa zamu, ndiye aliyekuwa akiiendesha. Alisimama akatazama nyuzi zinavyojikunja kwenye vibobini, vile vigurudumu vya uzi, kisha akaja hadi kwenye kabati, akachungulia ndani kwa muda mrefu. Hakuna aliyemgeuzia mgongo. Nilifurahi siku hiyo kiasi cha kusahau njaa.

Lakini siku nyingi hazikuwa hivyo. Vumbi la pamba lilikuwa linaingia kila mahali, hadi kwenye chai. Umeme ulikuwa wa mgao, unakuja mnapokwenda nyumbani na kukatika mnapofika. Tulikaa karakana tukiitazama milima ya Uluguru ikivaa mawingu na kuyavua, tukibishana kama mvua hiyo itashuka kwenye mabwawa ya umeme au itaishia hukohuko juu. Kila mwisho wa mwezi nilikwenda kuuliza kama jina langu limo kwa mwezi unaofuata. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na ushee na nilichoka kama mtu aliyezeeshwa na kazi, hali kazi yenyewe haikuwepo.

Ndipo ikaja habari kwamba mnunuzi amepatikana, na mhandisi wake anakuja kukagua mashine kabla ya mkataba kutiwa saini. Mkuu alituita karakana nzima, ambayo ilikuwa watu wachache tu. Niseme kwamba alikuwa mtu mwema. Alikuwa amesomea nje, alikuwa anatufundisha bila kuficha, na hakuwahi kunituma chai kwa sababu mimi ni mwanamke. Lakini alikuwa na kidonda kimoja. Zamani aliwahi kuja mkubwa fulani kutoka makao makuu, akafungua kabati, akakuta waya za kuungaunga, akamsema mbele ya vijana wake kwamba amegeuza kiwanda cha taifa kuwa banda la fundi redio. Aliikumbuka siku hiyo mara kwa mara, na akiikumbuka alikuwa anaanza kupangusa miwani.

"Mgeni haonyeshwi matobo ya nyumba," alituambia. "Siku atakayokuja ni zamu yetu ya kukosa umeme. Hataweza kuwasha chochote. Atakachofanya ni kufungua makabati na kutazama. Basi akute kila kabati limejaa na kila kadi iko kwao."

Tulielewa mara moja, na sikumbuki mtu aliyepinga. Nani asiyejua? Mgeni akija unatandika shuka ile moja nzima, unaazima vikombe kwa jirani, mtoto mwenye suruali iliyochanika anatumwa mbali. Ndivyo tulivyolelewa, wa mlimani na wa mjini, Mkristo na Mwislamu. Ilionekana jambo la adabu tu.

Jumamosi na Jumapili tulifanya kazi ya ajabu kuliko zote nilizowahi kufanya katika fani hii. Tulizirudisha kadi kwao, zilizo hai na zilizokufa, kwa kusoma yale makwaruzo ya msumari. Iliyoungua tuliisugua kwa spiriti hadi ikang'aa. Bibi Harusi tulimvua kila kitu. Kopo la maziwa, balbu, kibao cha mbao, waya zote, tulivitia kwenye boksi na kulisukuma chini ya meza. Mahali pake tukachomeka kadi zake za asili, ambazo hata moja haikuwa hai. Tulipomaliza tulitembea mstari mzima tukifungua makabati. Yalipendeza. Yalikuwa kama siku yalipotoka kwenye masanduku, na hakuna mashine hata moja katika ukumbi ule ambayo ingezunguka umeme ukija.

Mhandisi wa mnunuzi alikuja Jumatatu asubuhi, pamoja na meneja wetu. Alikuwa mtu mfupi, mtulivu, shati lake limekunjwa mikono. Alikuwa amefanya kazi nchi jirani na Kiswahili chake kilitosha. Alitusalimu mmoja mmoja kwa mkono, na alipofika kwangu aliangalia vidole vyangu kidogo, akaniachia. Nyuma yetu walisimama waendesha mashine, na mjomba miongoni mwao amevaa shati jeupe la Pasaka.

"Nimesikia habari za hapa," mhandisi alimwambia mkuu wetu. "Nimesikia kuna mafundi wanaendesha mashine hizi bila vipuri. Wanatumia vitu vya redio. Ni kweli?"

Mkuu wetu alivua miwani, akaanza kuipangusa.

"Hayo ni maneno ya mitaani, bwana," alisema. "Hapa hatufanyi mambo ya kuungaunga. Kila kitu ni cha kiwandani."

Mhandisi alifungua kabati la kwanza, akatazama, akalifunga. Akafungua la pili. Alikwenda hivyo mstari mzima, sisi tukimfuata, hadi kwa Bibi Harusi. Pale alikaa zaidi. Alichomoa kadi moja, akaigeuzageuza mbele ya mwanga wa dirisha, akairudisha taratibu kama mtu anayeijua thamani yake.

"Na hizi zikiharibika," aliuliza, "nani anazitengeneza?"

Nilikuwa nimesimama hatua chache kutoka pale, na boksi lilikuwa chini ya meza karibu na miguu yangu. Miaka yote ya chuo, kioo cha kijani cha oskiloskopu, chombo pekee cha chuo cha kuonyesha mawimbi ya umeme, tulichokigombania, vidole vilivyoungua, vyote vilikuwa jibu la swali lile, na jibu lenyewe lilikuwa neno moja tu, sisi. Nikamtazama mkuu nikisubiri aliseme.

"Hazijawahi kuharibika," mkuu alisema.

Alisema kwa fahari. Aliinua kichwa kidogo, mtu aliyeiheshimisha nyumba yake mbele ya mgeni. Waendesha mashine nyuma yetu walitikisa vichwa kukubali, na mjomba naye akatikisa. Mhandisi alitutazama wote kwa zamu. Nadhani alingoja. Nadhani alitupa nafasi, maana mtu aliyemaliza kuuliza hasimami muda ule wote. Lakini mkubwa alikuwa ameshajibu, na mgeni alikuwepo. Mhandisi akasema vizuri, akafunga kabati, akaomba kuonyeshwa paa.

Alipoondoka tulipongezana. Mkuu alinunua soda. Umeme uliporudi tulivuta lile boksi, tukamvalisha Bibi Harusi vitu vyake upya, na baada ya siku kadhaa za kutukana waya akashika mwendo. Mjomba alikuwa ananiletea mihogo ya kuchoma karakana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kabla, na aliwaambia wenzake kwamba sasa bado saini tu.

Tuliitwa kwenye ukumbi wa chakula. Meneja alisoma karatasi bila kuinua macho. Mnunuzi atawachukua waendesha mashine, watu wa ghala na walinzi. Karakana ya elektroniki itafungwa, kwa sababu ukaguzi umeonyesha mashine ni kamili, hazina historia ya kuharibika, na pakitokea haja wataalamu watatoka kwa mnunuzi mwenyewe. Alisoma hivyo huku tukimsikia Bibi Harusi ng'ambo ya ukuta akizunguka kwa kibao chake cha mbao. Nilimtafuta mkuu wetu kwa macho. Alikuwa amekaa mstari wa mbele, miwani mkononi, na nilimkasirikia sana, halafu nikaona mabega yake, nikashindwa kuendelea.

Sikulia pale. Nililia nyumbani, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, na shangazi aliniacha nilie, akaendelea kuchambua mchicha.

Baadaye nilifanya mengi ya fani yangu, kama yanaitwa ya fani. Nimetengeneza redio kwa watu wa Mkuyuni siku za soko, nimepandisha antena za televisheni juu ya mapaa ya wafanyabiashara, nimeeleza vijana waliokuja kuniuliza kama somo hili lina kazi. Nawaambia lina kazi nyingi. Ni kweli lina kazi nyingi. Sina nguvu ya kuwaeleza zaidi ya hapo.

Lakini asubuhi ile ya mwisho, karakana ilipokwisha kufungwa, nilikwenda kiwandani na mjomba kuchukua mita yangu na koti. Tulitembea mpaka langoni. Pale yeye alikuwa anaingia zamu, mimi nikiwa nangoja mlinzi aniletee vitu vyangu, maana sikuruhusiwa tena kupita. Mjomba alisimama. Alikuwa amezeeka katika majuma yale machache.

"Siku ile aliuliza nani anatengeneza," alisema. "Wewe ulikuwa palepale. Kwa nini hukusema?"

"Mkubwa alikuwa ameshasema, mjomba."

Adabu hiyo nilifundishwa na yeye. King'ora kikalia, akaniwekea mkono begani, akaingia ndani.